Kubadili Katiba ya Chama cha Michezo cha Taifa: Mwongozo Kamili kwa Mjumbe

Mara ya kwanza nilipohudhuria mkutano mkuu wa chama cha taifa nikiwa mjumbe wa mkoa, rasimu ya katiba mpya tuliikuta mezani. Kurasa arobaini na kitu, zimebanwa pini, bado zina joto la mashine. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kufika saa sita na nusu mwenyekiti alikuwa ameshauliza "Wanaoafiki?" na ukumbi umeshaitika "Ndiyooo", maana karatasi ya posho ilikuwa imeanza kuzungushwa na harufu ya pilau imeshaingia ndani. Miezi minne baadaye ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tumejinyang'anya wenyewe haki ya kuitisha mkutano wa dharura. Kifungu kilikuwa ukurasa wa 31. Nami nilisema ndiyo.

Tangu hapo nimeshiriki majaribio matatu ya kurekebisha katiba. Mawili yalianguka, moja likapita. Yale yaliyoanguka yalikuwa na maandishi mazuri zaidi na wasemaji hodari zaidi. Lililopita lilikuwa na mtu mmoja mwenye daftari aliyejua, wiki tatu kabla ya mkutano, ni nani ana kura halali, nani hana, na ngapi zinatakiwa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yule mwenye daftari. Hotuba tafuteni wenyewe.

Jua mabwana watatu wa chama chako

Chama cha michezo cha taifa kinatumikia sheria ya nchi, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na wanachama wake. Marekebisho yanayompendeza bwana mmoja yanaweza kukataliwa na mwingine, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujaandika neno.

Tanzania Bara, sheria ni ile ya Baraza la Michezo la Taifa, Na. 12 ya 1967, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1971. Chini yake yupo Msajili wa vyama na vilabu vya michezo. Kwake ndiko katiba inakosajiliwa, na marekebisho nayo hupelekwa kwake. Zanzibar wana baraza lao, kwa kuwa michezo si jambo la Muungano. Kenya wana Sheria ya Michezo ya 2013, iliyoleta Msajili wa Michezo pamoja na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, na nyuma ya sheria hiyo kuna jedwali linalotaja mambo ambayo katiba ya chama lazima iwe nayo. Ukiwa Kenya, anza na jedwali hilo. Wapo watu wametumia mwaka mzima kuandika katiba, kisha ikarudishwa kwa kukosa kitu kilichokuwa kimeandikwa wazi humo.

Bwana wa pili ni shirikisho la kimataifa. Katika soka, katiba ya FIFA inamtaka kila mwanachama ajiendeshe mwenyewe bila kuingiliwa na mtu wa nje. Someni vifungu vya 14, 15 na 19. Mchezo wako ukiwa netiboli, riadha au mpira wa wavu, tafuta katiba ya shirikisho husika. Mara nyingi imewekwa wazi kwenye tovuti yao, na mara nyingi hakuna hata mtu mmoja katika chama aliyewahi kuifungua.

Bwana wa tatu ndiye wewe na wenzako. Sehemu kubwa ya maelezo yaliyobaki inamhusu yeye.

Tafuta katiba yenye muhuri

Unaweza kudhani hili ni jepesi. Katika chama kimoja nilichokifahamu kulikuwa na katiba tatu: aliyokuwa nayo katibu kwenye kompyuta, iliyosambazwa mikoani miaka sita nyuma, na iliyogongwa muhuri wa Msajili. Idadi ya wajumbe wa Kamati ya Utendaji ilitofautiana katika zote tatu. Mjadala wote wa mkutano ule uliendeshwa kwa kutumia ile ya kompyuta.

Kwa hiyo andika barua rasmi kuomba nakala iliyosajiliwa. Mwandikie katibu mkuu wa chama kwanza, nakala kwa Msajili. Katibu akikaa kimya, mfuate Msajili mwenyewe na barua ya utambulisho kutoka mkoa wako. Ukishaipata, usiisome kama riwaya, kuanzia mwanzo. Anza na kifungu cha marekebisho ya katiba, ambacho kwa kawaida kimefichwa karibu na mwisho, jirani na kuvunjwa kwa chama. Kisha soma akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayofanya mkutano uwe halali, kisha nani anaweza kuitisha mkutano mkuu maalumu, kisha uanachama. Madhumuni ya chama na rangi za bendera yasubiri.

Katika kifungu cha marekebisho piga mstari chini ya mambo manne: nani anaruhusiwa kupendekeza, mapendekezo yawasilishwe siku ngapi kabla, kiwango cha kura kinachotakiwa, na kiwango hicho ni cha watu gani. Hilo la nne ndilo linaloangusha watu.

Piga hesabu kabla hujazungumza na mtu

Tuseme chama kina wajumbe 84 wa mkutano mkuu, na katiba inadai theluthi mbili. Theluthi mbili ya nini?

Ikiwa ni ya wajumbe wote, unahitaji kura 56, wawe wamekuja au wamelala kwao. Ikiwa ni ya waliohudhuria, na wamekuja 63, unahitaji 42. Ikiwa ni ya kura halali zilizopigwa, na katika hao 63 kura tisa zimeharibika au hazikupigwa, basi zimebaki 54, na 36 zinakutosha. Kutoka 56 hadi 36 kuna pengo la kura 20, kwa chama kilekile, siku ileile, kwa sababu ya maneno mawili au matatu. Katiba ikisema tu "theluthi mbili ya wajumbe", tambua kwamba ugomvi unakuja, na dai tafsiri ya maandishi kutoka kwa Msajili kabla ya mkutano. Baada ya matokeo kila mtu anakuwa mwanasheria.

Sasa geuza upande wa pili. Akidi ikiwa nusu ya wajumbe na mmoja zaidi, yaani 43, na wakaja 43 tu, theluthi mbili ya waliohudhuria ni kura 29. Watu 29 katika 84 wanaweza kubadili katiba ya nchi nzima. Ndiyo maana mikutano mingine hupelekwa mji wa mbali katikati ya mvua za masika na nauli inachelewa kutumwa. Sisemi kila mkutano wa mbali ni hila. Ila ukiona ajenda ya katiba na ukumbi wa mbali vimekuja kwa barua moja, hesabu.

Na kuhusu desimali, nendeni Uingereza mwaka 2017. Serikali ya nchi hiyo, kupitia shirika lake la Sport England, ilikuwa imeviambia vyama vya michezo kwamba anayetaka ruzuku abadili uongozi wake ufuate kanuni mpya: wakurugenzi huru, ukomo wa vipindi, nafasi za wanawake zisizopungua asilimia 30. Chama cha mpira wa meza cha England kiliitisha mkutano wake wa mwaka mwezi Julai. Kilihitaji asilimia 75 ya kura. Kikapata 74.93. Kasoro ya asilimia 0.07 ilifanya ruzuku isimamishwe, fedha za mamilioni ya pauni, na ikabidi wanachama waitwe tena mwezi Agosti ndipo mabadiliko yakapita. Najua wajumbe wanaosema "kura moja haibadilishi kitu". Wapelekeeni kisa hiki.

Daftari la wajumbe

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote, na ndipo wapenda mageuzi wengi wasipopita kabisa.

Chukua daftari la mistari. Andika kila mwanachama mwenye haki ya kuleta wajumbe. Katika TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kwa mfano, wanachama ni vyama vya soka vya mikoa, klabu za Ligi Kuu, na vyama shiriki: makocha, waamuzi, wachezaji, madaktari wa michezo, soka la wanawake. Chama chako kinaweza kuwa na mikoa peke yake, au mikoa na taasisi kama majeshi na vyuo. Kwa kila mmoja uliza maswali haya, na majibu uyaandike kwa kalamu ya rangi nyingine.

Je, amelipa ada? Stakabadhi iko wapi? Katiba nyingi zinasema asiyelipa ada hana kura, lakini hakuna anayelikumbuka hilo mpaka siku mtu fulani anapotaka kuwapunguza wapinzani wake mlangoni. Ukiwa upande wa mageuzi, hakikisha marafiki zako wamelipa mapema, wamelipa benki, na stakabadhi wanayo mkononi. Fedha taslimu iliyokabidhiwa mtu kwenye mgahawa haina ushahidi.

Je, uongozi wake uko hai? Mkoa ambao uchaguzi wake ulipaswa kufanyika miaka miwili nyuma unaleta wajumbe kwa mamlaka gani? Nimewahi kuona mkoa mmoja ukiwa na wenyeviti wawili, kila mmoja na muhuri wake, wote wamefika kwa basi moja. Hilo lisipomalizwa kabla, litamalizwa na mtu aliyeshika orodha mlangoni, naye ana bwana wake.

Je, yupo kweli? Kila chama kina wanachama wa kwenye makaratasi: wilaya isiyo na mashindano, klabu isiyo na timu. Watu huziita za mfukoni, kwa sababu huamka msimu wa uchaguzi tu. Usianze kuzishambulia mwanzoni, utaongeza maadui. Zihesabu kwanza. Zikiwa tano katika 84, ziache mpaka baadaye. Zikiwa 20, hizo ndizo mageuzi yenyewe, na kifungu chako cha kwanza kiseme nani ni mwanachama hai: aliyeendesha ligi au mashindano yake katika misimu miwili iliyopita, amewasilisha hesabu, amefanya uchaguzi kwa wakati.

Anayedhani swali la "nani mwanachama" ni la karani tu aulize Wazanzibari. Machi 2017, kule Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, uliwapa uanachama kamili, watu wakasherehekea mitaani. Julai mwaka huohuo ukaondolewa. Ilielezwa kwamba haukupaswa kutolewa, kwa kuwa CAF haiwezi kupokea vyama viwili kutoka nchi moja.

Ukishamaliza daftari, weka alama tatu: anaunga mkono, anapinga, hajaamua. Kuwa mkali kwa nafsi yako. Mtu aliyekwambia "tuko pamoja, ndugu yangu" huku akiangalia simu, huyo mwandike hajaamua.

Andika machache, andika wazi

Kishawishi ni kuandika katiba mpya nzima. Kishinde. Kila kifungu unachokigusa kina mtu wake, na mtu aliyekasirishwa na kifungu cha 9 atapiga kura kuangusha kifungu cha 40 ambacho hakumjua hata mwandishi wake. Chagua mambo manne au matano.

Mapendekezo yapange kwa safu tatu: kifungu kilivyo sasa, kitakavyosomeka, na sababu kwa sentensi moja. Mjumbe anayesafiri saa kumi kwenye basi aweze kukisoma na kukielewa kabla ya kushuka. Ukiona sababu haitoshi sentensi moja, pengine pendekezo lenyewe halijaiva.

Katika yale ninayoona yana uzito, la kwanza ni ukomo wa vipindi. FIFA yenyewe ilijiwekea miaka 12, yaani vipindi vitatu vya miaka minne, kwenye mkutano wake wa Zurich tarehe 26 Februari 2016, baada ya kashfa za mwaka uliotangulia. Kura 179 za ndiyo, 22 za hapana. Mtego uko kwenye uandishi: je, vipindi alivyokwishatumikia kiongozi aliyepo vinahesabiwa? Usipoandika, tafsiri itakayotoka ni kwamba anaanza upya. Na usipotaja "mfululizo au kwa kuachana", mtu atakaa nje kipindi kimoja, amwachie mdogo wake kiti, arudi.

La pili ni udhamini wa wagombea. Hili limetusumbua sana hapa nyumbani. Katika TFF mgombea urais hutakiwa kuleta wadhamini kutoka kwa wanachama. Mwaka 2021, na tena mwaka 2025, uchaguzi wa TFF uliofanyika Tanga ulimkuta Wallace Karia, rais aliyekuwa madarakani, akiwa mgombea pekee wa urais, na suala la wadhamini ndilo lililotawala mazungumzo ya waliobaki nje. Sitaingia katika ubishi wa nani alikuwa na haki. Angalia hesabu tu: kanuni ikidai wadhamini watano, na mwanachama mmoja akiruhusiwa kumdhamini mgombea mmoja tu, na hakuna kikomo cha wadhamini ambao mgombea anaweza kukusanya, basi aliyetangulia kuzunguka anaweza kumaliza kapu lote. Wengine wataenguliwa kabla kura haijapigwa, na kanuni zote zitakuwa zimefuatwa. Dawa yake ni mstari mmoja: mgombea asipokee udhamini zaidi ya idadi fulani, au mwanachama aruhusiwe kudhamini zaidi ya mmoja. Kumdhamini mtu maana yake ni kusema anafaa kusimama. Kura ni jambo lingine.

Halafu kuna Kamati ya Uchaguzi. Swali si majina mazuri ya mawakili walioteuliwa, swali ni nani anawateua, nani anaweza kuwaondoa, na nani anawalipa. Iteuliwe na mkutano mkuu angalau mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, na isiondolewe na kamati ya utendaji. Kamati ya Rufaa iwe tofauti nayo. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nimeona majina yaleyale kwenye kamati zote mbili.

Nafasi za wanawake na za wachezaji andikeni kwa idadi, msitumie maneno kama "itazingatiwa". Hesabu zilizokaguliwa ziwafikie wajumbe kabla ya mkutano, kwa siku zilizotajwa. Hayo mawili hayana ubishi mkubwa, ila bila namba hayatekelezwi.

Zunguka mikoani

Simu haitoshi, na kundi la WhatsApp ndiyo kabisa, maana humo kila mtu anaandikia hadhira. Nenda. Ukishindwa kwenda kote, nenda kwa walioandikwa hajaamua.

Msikilize mwenyekiti wa mkoa kwanza. Mara nyingi kinachomsumbua si ukomo wa vipindi. Ni kwamba timu yake ya vijana ililala sakafuni kwenye mashindano ya taifa na hakuna aliyemjibu barua. Ukianza na katiba utamchosha. Ukianza na barua yake, mtafika kwenye katiba wenyewe. Na mzee aliyeanzisha mchezo huo mkoani kwake, hata kama hana kura tena, mpe heshima yake: mpigie hodi, mweleze, muombe ushauri. "Mzee, tumekuja kukuona kabla ya mambo kuwa makubwa." Wajumbe wawili watatu humpigia yeye simu usiku wa kuamkia mkutano, na utataka awe ameshakusikia.

Usiahidi vyeo. Aliyevutwa kwa cheo atavutwa tena kwa cheo kikubwa zaidi, na upande wa pili una vingi. Wala usilipe mtu nauli kutoka mfukoni mwako ukadhani ni wema. Mkutano ukienda vibaya hiyo ndiyo itakuwa pingamizi namba moja.

Na zungumza na wapinzani. Kule England, wale wa mpira wa meza walipoitana mara ya pili, kazi kubwa ilikuwa kuwashawishi walewale waliokataa mara ya kwanza. Ni rahisi kufanya hivyo kabla ya kushindwa.

Barua, tarehe na ushahidi

Hesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya mkutano. Katiba ikisema mapendekezo yafike siku 30 kabla, yapeleke siku 45 kabla, kwa mkono, yagongwe "IMEPOKELEWA" pamoja na tarehe na sahihi kwenye nakala yako. Barua pepe tuma pia, lakini isiwe peke yake.

Mkutano wa kawaida unaongozwa na ajenda. Marekebisho yasiyokuwa kwenye ajenda hayapigiwi kura, na hakuna kitu kinachoitwa "mengineyo" kinachoweza kubeba katiba. Nimeona watu wakijaribu. Hata wakishinda ukumbini, Msajili ana haki ya kuwarudisha. Kama uongozi unakataa kuweka ajenda yako, tumia kifungu cha mkutano maalumu: kusanya sahihi za wanachama kwa idadi iliyotajwa, kila sahihi na muhuri wa mkoa, zote kwenye karatasi zenye maneno yaleyale ya hoja. Karatasi ikiwa na maneno tofauti itaambiwa ni hoja mbili.

Siku ya mkutano

Fika mapema kuliko meza ya usajili. Keti pale ukiwa na daftari lako na uweke alama kila anayesajiliwa. Mkiwa wawili, mmoja abaki mlangoni mpaka mkutano uanze.

Kabla ya ajenda ya kwanza, simama: "Mwenyekiti, kuhusu utaratibu. Naomba idadi ya wajumbe waliosajiliwa itangazwe na iingie kwenye muhtasari." Hiyo ndiyo namba ya akidi. Baada ya chakula cha mchana, kabla ya kura, iombe tena. Wajumbe wana tabia ya kuondoka na basi la saa tisa, na kura iliyopigwa bila akidi inavunjwa kirahisi sana.

Omba kura ya siri. "Wanaoafiki waseme ndiyo" inafaa Bungeni na inafaa kupitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Haiwezi kuonyesha theluthi mbili. Hakuna sikio linalopima theluthi. Kunyoosha mikono kunahesabika, lakini mjumbe ambaye mkoa wake unasubiri mipira na fedha za mashindano hawezi kunyoosha mkono kwa uhuru mbele ya mtu anayezigawa. Kama katiba iko kimya, toa hoja ya kura ya siri na iungwe mkono mara moja. Mpange mtu wa kuiunga kabla.

Kisha swali la kupiga kura kifungu kwa kifungu au kwa furushi. Uongozi ukileta rasimu yake, dai kifungu kwa kifungu, maana sumu hufungwa ndani ya asali. Yako ukiwa umeyaweka manne au matano tu, kifungu kwa kifungu kinakufaa vilevile: kikianguka kimoja, vingine vinabaki. Vinavyotegemeana viunganishwe kwenye kura moja na ueleze kwa nini.

Kura zihesabiwe mbele ya mawakala wa pande zote mbili. Zitangazwe nne: zilizopigwa, zilizoharibika, za ndiyo, za hapana. Wakitangaza asilimia pekee, simama tena. Karatasi za kura zifungwe kwenye bahasha, zitiwe sahihi, zikabidhiwe kwa mtu aliyetajwa kwenye muhtasari. Hapa utaonekana msumbufu. Vumilia, pilau litapoa kidogo tu.

Matokeo yakipingwa

Fuata ngazi: Kamati ya Rufaa ya chama, kisha chombo cha nchi kinachohusika na migogoro ya michezo, kisha kama katiba ya chama au ya shirikisho inaruhusu, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ya Lausanne. Huko muda wa kawaida wa kukata rufaa ni siku 21 tangu kupokea uamuzi, isipokuwa kanuni za shirikisho lako ziseme vingine. Nimeona rufaa nzuri ikifa kwa sababu ilitumwa siku ya 24, wahusika wakisubiri wakili amalize likizo.

Kishawishi cha kukimbilia waziri ni kikubwa, hasa unapokuwa na haki. Tazama Kenya. Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo lilifuta uchaguzi wa FKF, shirikisho la soka la nchi hiyo, Desemba 2019, likaufuta tena Machi 2020. Hadi hapo mambo yalikuwa ndani ya sheria ya michezo, na uchaguzi ukafanyika Oktoba 2020. Novemba 2021 serikali ikavunja uongozi wa FKF na kuweka kamati ya mpito. Tuhuma za fedha zilikuwa nzito na zilistahili kuchunguzwa. Lakini Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, pamoja na Zimbabwe, na kifungo hakikuondolewa mpaka Novemba mwaka huohuo, baada ya uongozi uliovunjwa kurudishwa ofisini. Waliolipa ni wachezaji waliokuwa wakitafuta kufuzu. Wanachama wenyewe walibadilisha uongozi kwa kura Desemba 2024, walipomchagua Hussein Mohammed. Polisi na wakaguzi wa fedha wafanye kazi yao kwa wahusika. Kiti cha chama kiachiwe kura.

Baada ya kushinda

Kura ya ndiyo ni nusu ya safari. Andaa nakala safi ya katiba iliyorekebishwa ndani ya wiki moja, wakati watu bado wanakumbuka maneno. Ilinganishe na hoja iliyopigiwa kura, herufi kwa herufi, mbele ya mtu wa upande uliopinga. Ambatanisha muhtasari uliosainiwa, orodha ya mahudhurio, na tangazo la kura. Peleka kwa Msajili, na nakala kwa shirikisho la kimataifa kama linataka kuidhinisha.

Angalia vifungu vya mpito. Viongozi waliopo wanamaliza kipindi chao? Kamati mpya ya uchaguzi inateuliwa lini, na nani anaitisha kikao hicho? Usipoandika tarehe, katiba mpya itakaa kabatini na mambo yataendeshwa kwa ile ya kwenye kompyuta. Kwetu ilichukua miezi saba na barua tano kwa Msajili kupata nakala yenye muhuri. Siku tulipoipata, tulitoa fotokopi moja kwa kila mkoa, tukazituma kwa mabasi, na kila aliyepokea akasaini kwenye lile daftari.